Dhoruba Kiganjani: Picha za Imani kwenye Simu na Afya ya Nafsi

Katika sharika zetu za Mbinga na za ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuta za makanisa ni tupu. Sisi Walutheri, tulio wachache kati ya ndugu zetu Wakatoliki na Waanglikana, tumezoea msalaba mmoja juu ya madhabahu, vitambaa vinavyobadilika rangi kwa kufuata kalenda ya Kanisa, na basi. Lakini mshirika akitoka ibadani na kufungua simu yake, anakutana kwa wiki moja na picha nyingi kuliko alizoziona babu yake maisha yake yote. Yesu amembeba kondoo. Yesu anagonga mlango. Yesu anatembea juu ya maji. Zinatumwa kwenye makundi ya kwaya, ya wanawake na ya vijana wa kipaimara. Zinawekwa kwenye stetasi kabla jua halijachomoza, na usiku wa manane, usingizi unapokataa, ndizo zinazotazamwa.

Tunaulizwa maswali mawili juu ya picha hizi. La kwanza: je, ni dhambi kuwa nazo? La pili huulizwa kwa sauti ya chini zaidi, na mara nyingi anayeuliza ana jambo linalomsumbua: je, zinasaidia? Mtu mwenye hofu, mpweke, au aliyefiwa, akikaa na simu yake akitazama picha nzuri, nafsi yake inapata nafuu au inadanganywa? Swali hili ni zito, nasi tunataka kulijibu kwa kuzitazama picha zenyewe, kwa sababu hazifanani, wala hazifanyi kazi moja ndani ya mtu.

Luther na picha

La kwanza lina jibu fupi. Luther alipokuwa mafichoni Wartburg, mwenzake Andreas Karlstadt alihimiza watu wa Wittenberg waondoe sanamu na picha makanisani. Luther alirudi, na kuanzia tarehe 9 Machi 1522 alihubiri siku nane mfululizo. Hakusema picha ni lazima. Alizihesabu kuwa mambo ya hiari, akafundisha kwamba tegemeo la uongo hung'olewa kwanza moyoni, kwa Neno, wala haling'olewi kwa shoka. Mwaka 1525 aliandika kwamba kila asikiapo habari za mateso ya Kristo, sura ya mtu aliye msalabani hujichora yenyewe ndani ya moyo wake. Akashangaa iweje iwe halali moyoni na haramu machoni.

Tena hakuishia kwenye hoja. Mwaka 1529 kitabu chake cha sala kilichapwa kikiwa na picha karibu 50 za habari za Biblia, hasa kwa ajili ya watoto na watu wa kawaida. Mashine ya uchapaji ndiyo iliyokuwa teknolojia mpya ya siku zile, naye akaitumia kupeleka picha nyumbani kwa watu. Kwa hiyo picha kwenye simu si jambo la kumtia Mlutheri hofu. Linalobaki ni kuuliza picha hiyo inasema nini juu ya Mungu na juu ya mwanadamu.

Dakika mbili za utulivu

Juu ya swali la pili wapo waliojaribu kupima. Mwaka 2022 MacKenzie Trupp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watu 84. Kila mmoja alitazama moja ya maonyesho mawili mtandaoni: mchoro wa Claude Monet, yule Mfaransa aliyechora bwawa lake la yungiyungi kwa miaka mingi, au maonyesho yaliyopangwa kwa namna hiyohiyo juu ya mapishi ya Kijapani. Walitazama kwa dakika moja hadi mbili tu. Walipopimwa baada ya hapo, huzuni na wasiwasi vilikuwa vimepungua, upweke ulikuwa umepungua, na hali yao kwa jumla ilikuwa bora kidogo.

Habari hii ni njema, nasi hatuna sababu ya kuidharau. Mgonjwa anayesubiri zamu yake hospitalini, au mama anayelinda mtoto mwenye homa, akipata nafuu ya dakika mbili kwa kutazama kitu kizuri, na tumshukuru Mungu aliyeumba macho. Lakini tuisome yote. Kwanza, mapishi yalisaidia sawasawa na Monet; watafiti hawakuona tofauti kati ya maonyesho hayo mawili. Pili, nafuu iliendana na namna mtu alivyokipokea alichokitazama: aliyekiona kizuri na kuguswa nacho ndiye aliyepata zaidi. Tatu, kilichopimwa ni hali ya mtu papo hapo. Kwamba saa tisa ya usiku unaofuata atakuwaje, jaribio hilo halikupima.

Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia. Nafuu ya dakika mbili inaweza kuletwa na picha ya kweli, na inaweza kuletwa na picha ya uongo pia. Tofauti huonekana baadaye, upepo unapovuma.

Picha iliyoibwa

Watu wa ziwa letu wanaujua upepo huo. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, limebanwa na milima, na linaweza kubadilika kabla mvuvi hajamaliza kukunja wavu. Mwaka 1946 meli ya abiria Vipya ilizama kwa dhoruba upande ambao leo ni Malawi, ikiondoka na watu zaidi ya 140. Hiyo iliandikwa vitabuni. Mitumbwi haiandikwi. Inakumbukwa na wajane na watoto walioachwa.

Kwa hiyo tumechagua kuitazama picha ya dhoruba: mchoro wa Mholanzi Rembrandt wa mwaka 1633, unaomwonyesha Kristo na wanafunzi wake kwenye Bahari ya Galilaya, kwa kufuata habari iliyo katika Marko 4:35–41. Unajulikana kuwa ndio mchoro wake pekee wa bahari. Na una historia ya ajabu. Alfajiri ya tarehe 18 Machi 1990, wanaume wawili waliovaa kama polisi waliingia katika jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner, Boston, Marekani, wakaondoka na kazi 13. Mchoro huu waliukata kwa kisu kutoka kwenye fremu yake. Haujapatikana hata leo, na fremu tupu bado inaning'inia ukutani.

Maana yake ni kwamba mkazi wa Boston hana faida juu ya mvuvi wa Mbamba Bay. Wote wawili wanaweza kuuona kwa nakala tu, kitabuni au kwenye kioo cha simu. Mchoro uliokuwa na urefu wa sentimita 160 sasa unaenea kiganjani. Rangi zake za kweli hatuwezi kuzihakikisha. Lakini simu inatupa kitu kimoja ambacho aliyesimama mbele ya ukuta hakuwa nacho: tunaweza kuukuza kwa vidole viwili na kuusogelea uso mmoja mmoja, kwa muda tuutakao, bila mlinzi wa kutufukuza.

Tulipoutazama pamoja na wavuvi, hawakuanza na Yesu. Walianza na chombo. Waliona tanga limechanika na kamba moja imekatika inapepea. Waliona wanaume watano walioko mbele, kwenye mwanga, wakipambana na tanga, na wimbi likiwa limeinua mbele ya chombo hata kimesimama kama mtu anayepanda ngazi. Walimwona aliyeshika usukani, anayeutegemea kwa uzito wake wote. Walimwona mmoja aliyeinama ukingoni akitapika, wakacheka, kisha wakanyamaza, maana kila mmoja wao amewahi kuwa yule. Hatimaye wakafika nyuma ya chombo, gizani, anapokaa Yesu. Ameamshwa sasa hivi. Wawili wanamwinamia, mmoja wao kama anayemgombeza. Uso wake peke yake hauna haraka.

Kisha wakahesabu watu, kama wanavyohesabu kila wanapotoka na wanaporudi. Yesu na wanafunzi kumi na wawili ni kumi na tatu. Chomboni wamo kumi na wanne. Wa kumi na nne ameshika kofia yake kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine, naye hatazami wimbi wala hamtazami Yesu. Anatutazama sisi. Wengi wanaona ni sura ya Rembrandt mwenyewe. Kijana aliyekuwa mchoraji huko Amsterdam hakutaka kuichora dhoruba akiwa ufukweni, alipanda.

Picha hii inaponya kwa njia gani? Haimwambii mtu kwamba hakuna dhoruba. Haimwambii kwamba mwenye imani hatapiki. Inamwambia kwamba hofu yake inajulikana, ina sura, na wengine waliokuwa karibu kabisa na Bwana waliipitia. Mtu anayeogopa huona aibu ya kuogopa, na aibu hiyo huwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Rembrandt anauondoa mzigo wa pili. Katika Mjadala wa Heidelberg wa mwaka 1518 Luther alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba, akisema wa pili huviita vitu kwa majina yake ya kweli. Kwa kipimo hicho mchoro huu ni wa msalaba. Hata mlingoti wake, pamoja na mti uliobeba tanga, umesimama kwa umbo hilo.

Kasoro ya Rembrandt

Lakini mchoro huu una upungufu. Marko anataja, katika mstari wa 36, kwamba kulikuwa na vyombo vingine pamoja na kile cha Yesu. Rembrandt ameviacha. Katika bahari yake kuna chombo kimoja tu. Bila shaka alitaka macho yetu yasitawanyike, na kwa sanaa yake alifanya vema. Kwa mtu anayetazama simu peke yake chumbani, hata hivyo, uamuzi huo unalisha uongo ambao hofu hupenda kuusema: kwamba dhoruba hii ni yako wewe tu. Wavuvi wetu huvua dagaa wakiwa kundi, taa hii ikiiona ile. Wangeuliza mara moja: wenzao wako wapi?

Tena mchoro huu haufai kwa kila mtu kwa kila saa. Mama mmoja, ambaye mume wake alichukuliwa na ziwa, alirudisha simu bila kuutazama. Alikuwa na haki. Aliye ndani ya maji hahitaji kuchorewa maji. Alichotaka ni tukae naye, tukakaa. Theolojia ya msalaba isigeuzwe kuwa ukatili wa kumlazimisha mtu kukodolea macho jeraha lake.

Kwa mtu kama huyo yungiyungi za Monet zinaweza kuwa na nafasi, nasi tusiziite anasa za Ulaya. Monet alizichora zile zake kubwa akiwa mzee aliyefiwa na mkewe mwaka 1911 na mwanawe mwaka 1914, mtoto wa jicho akimfifishia macho, na nchi yake ikiwa vitani. Siku moja baada ya vita kusimama, yaani tarehe 12 Novemba 1918, aliandika kuahidi kuitolea Ufaransa baadhi ya michoro yake. Utulivu wa maji yale haukutoka kwa mtu asiyejua huzuni. Ndiyo maana unaweza kuaminiwa na mwenye huzuni, kama Zaburi ya 23 inavyoaminiwa, ambayo inataja maji ya utulivu na bonde la giza katika wimbo uleule.

Picha zinazodai Amina

Sasa tuzitazame zile zinazotumwa zaidi. Siku hizi nyingi zimetengenezwa kwa akili mnemba. Yesu anang'aa kama kioo kilichofutwa, nywele zimechanwa, mikono haina alama ya misumari. Nyuma yake kuna jua la dhahabu, wakati mwingine nyumba mpya au gari. Chini yake kuna maneno: andika Amina, tuma kwa watu kadhaa, na kabla ya jioni utapokea muujiza, ukipuuza, baraka itakupita.

Kwanza tuzipime kama sanaa. Hazina mahali. Maji yake si ya Galilaya wala ya Nyasa, hakuna kilichochanika, hakuna anayefanya kazi, hakuna anayetutazama kama mtu anavyomtazama mtu. Jicho halina pa kukaa, kwa hiyo kidole kinasukuma kwenda kwenye picha nyingine, na nyingine, hadi bando liishe. Watu wa Vienna walikaa na kitu kimoja. Anayeperuzi picha mia hajakaa na hata moja.

Kisha tuzipime kwa kazi zinayoifanya moyoni. Asubuhi zinatoa joto kidogo. Jioni muujiza usipofika, mtu anajihesabu: pengine sikutuma kwa watu wa kutosha, pengine imani yangu ni ndogo. Tumewasikia wagonjwa waliobeba hesabu hiyo pamoja na ugonjwa wao. Hapo picha imegeuka sheria, tena sheria isiyo na Injili, maana imemwekea mtu sharti na kumwachia hatia. Dhoruba imeondolewa kwenye picha na kutiwa ndani ya mtazamaji. Hii ndiyo sanamu ambayo Amri ya Kwanza inatuonya juu yake. Kosa lake haliko katika kuwa na sura. Liko katika kudai tegemeo la moyo na kuahidi kwa jina la Mungu kile ambacho Mungu hakukiahidi.

Picha zilizotanguliwa na jumuiya

Tusifikiri kwamba uchaguzi wetu ni kati ya Wazungu wa kale na mashine za leo. Zipo picha za Kiafrika zinazopatikana kwa wingi mtandaoni zinazostahili kuingia katika makundi yetu. Miaka ya 1970, kaskazini mwa Kamerun, Wakristo wa kabila la Wamafa, pamoja na padre Mfaransa François Vidil, walitengeneza mfululizo wa picha za maisha ya Yesu. Utaratibu wao ndio unaotuvutia. Jumuiya ilisoma habari ya Injili, ikaiigiza kijijini kwao, ikapigwa picha za kamera, na kutoka katika hizo vikafanywa vielelezo vya rangi. Yesu ni mtu mweusi, mara nyingi katika vazi jekundu, kati ya watu wa kijiji.

Mkosoaji mkali anaweza kusema kwamba michoro hii ni ya kawaida, ya kufundishia, na kwamba mkono wa mwisho ulikuwa wa mchoraji wa Ufaransa. Ni kweli, na ukiziweka kando ya Rembrandt, nyuso zake hazina kina kile. Lakini zina kile alichokiacha Rembrandt: vyombo vingine. Kila picha ni matokeo ya watu waliokaa pamoja na Neno kabla ya kuwepo picha yoyote. Aliyeigiza mwenye ukoma alilazimika kuguswa na jirani yake. Wagonjwa na wenye hofu wa kijiji hicho hawakupewa picha tu. Walipewa nafasi ndani yake. Hakuna sababu jumuiya za Mbinga na za ziwani zisifanye hivyo. Ziwa tunalo, mitumbwi tunayo, simu zenye kamera tunazo.

Namna ya kutazama

Kutokana na hayo tunawashauri washarika mambo machache. Chagueni picha moja kwa juma, si mia. Itazameni mkiwa na andiko lake, na andiko litangulie. Itazameni kwa dakika kadhaa bila kusukuma kidole, mkiuliza: nani yumo, anafanya nini, nani anatutazama, na nani ameachwa nje? Kila inapowezekana itazameni wawili au watatu, simu ikipita mkono hadi mkono katika jumuiya ya nyumbani. Picha inayodai malipo, Amina au kutumwa kwa watu saba, ifuteni bila hofu. Mungu hatafuti watu wa kumsambazia vitisho.

Na aliyekosa usingizi kwa majuma, asiyeona tena sababu ya kula wala ya kuamka, asiachwe na simu. Sonona ni ugonjwa. Apelekwe hospitalini kama anavyopelekwa mwenye malaria, na mzee wa kanisa aende naye. Picha nzuri haichukui nafasi ya daktari, wala ya ndugu anayebisha hodi.

Wanafunzi wale hawakuokolewa kwa kuwa hawakuogopa, wala kwa kuwa walikuwa na picha sahihi ya Bwana wao. Mwisho wa habari walikuwa bado wanaulizana ni nani huyu. Waliokolewa kwa kuwa alikuwamo. Na bahari ilipotulia, ilitulia pia kwa wale wa vyombo vingine, ambao pengine hawakujua aliyeikemea ni nani. Usiku huu, kwenye ziwa letu na kwenye mabonde ya kahawa juu yake, wako wengi wanaotazama kioo kidogo gizani wakidhani wako peke yao. Tunawajua kwa majina. Twende tukawaone.